Ukosi wa Mama Otose, Mfuaji wa Mtaa wa Konya

Mheshimiwa Kasisi, wazee wa mtaa wa Konya, wafuaji, watia rangi, ndugu na jamaa mliokuja na baridi hii ya Kanda ambayo Mama aliitukana kila mwezi wa pili kwa sababu inagandisha nguo mbaoni, karibuni, sogeeni, msibaki mlangoni. Aliyepaswa kusimama hapa ni kaka yangu Eitaro, lakini amelia tangu juzi mpaka sauti imemkimbia, ikabidi karatasi hii nipewe mimi, Iso, binti wa marehemu, ambaye sauti haijawahi kunikimbia, na majirani ni mashahidi.

Jeneza limefunikwa, na nawaona mnavyonyoosha shingo. Mtaa mzima unajua kwamba Mama alituapisha, mimi na kaka yangu, kwamba siku akifa asivalishwe kimaiti, upande wa kulia wa kimono juu ya wa kushoto, bali ukosi wake ufungwe kama wa walio hai, kushoto juu ya kulia, mpaka kwenye moto wa kuchomea mwili, na mtaa mzima unajua pia kwamba Mheshimiwa Kasisi alisema jambo hilo halijawahi kutendeka katika hekalu hili na halitaanza na mfuaji. Kwa hiyo mmekuja kumsindikiza, na mmekuja pia kuangalia nani kashinda. Mtaambiwa, lakini kwanza mtakaa mnisikilize, kwa sababu ukosi ule una historia yake, na historia yake ndiyo maisha ya Mama.

Marehemu mama yetu, Kuramochi Tose, ambaye nyote mlimwita Otose, alizaliwa tarehe tatu ya mwezi wa nne, mwaka wa saba wa enzi ya Bunsei, yaani 1824 kwa kalenda hii mpya, hapahapa mtaa wa Konya, wakati mji ungali ukiitwa Edo na kijito cha Aizome kingali kikipita na rangi ya buluu ya watia rangi, akiwa mtoto wa pili wa mzee Genpachi, mchukuzi wa maji, na Bibi Orui, mfuaji. Inasimuliwa kwamba uchungu ulimshika Bibi Orui akiwa na kipande cha hariri mkononi, akakataa kuingia ndani mpaka akibandike ubaoni, maana hariri ikikauka na mikunjo ni kazi bure, na Mama alilisimulia jambo hilo kwa majivuno kana kwamba yeye ndiye aliyeshika ncha ya pili.

Mwaka 1831 alipelekwa kwa mwalimu mjane aliyefundisha watoto wa mtaa kusoma, kuandika na adabu, chini ya kilima cha Myojin, na huko alikaa miaka minne, ingawa adabu sidhani kama waliifikia. Karatasi ilikuwa ghali, kwa hiyo nyumbani alijizoeza herufi kwa kidole kilicholowa maji juu ya mbao za kukaushia nguo, mwalimu wake akawa analalamika kwamba mtoto huyu anaandika vizuri sana ila maandishi yake yote yanakauka.

Mwaka 1835 alianza kazi rasmi pamoja na mama yake, kazi ambayo kila mwanamke aliyemo humu anaijua mgongoni mwake, kukifumua kimono mshono kwa mshono mpaka kibaki vipande, kuvifua, kuvitia wanga uliopikwa kwa mwani, kuvitandaza kwenye mbao ndefu juani, kuvibandua vikiwa vimenyooka kama vimetoka dukani, kisha kuvishona upya viwe kimono tena. Jamani, Mama aliipenda kazi hii! Alikuwa akipiga kitambaa kwa kiganja kikilia paa! mpaka paka wa jirani wanaruka ukuta, na wengi wenu aliowafundisha mnakumbuka alivyowasimamia nyuma, "Wewe binti, unabandika kitambaa au unakibembeleza kilale?" Leo nilipoingia nimeona vidole vyenu vilivyopasuka kwa maji ya baridi, nikasema moyoni, hawa ndio ndugu zake hasa.

Sasa nakuja kwenye picha, mtulie.

Mwaka 1842 serikali ya zamani ilipiga marufuku picha za mbao, zile zinazochongwa ubaoni na kuchapwa karatasini, za waigizaji na za wanawake wa nyumba za starehe, wenye maduka ya picha wakahaha, wakawatuma wachoraji mitaani kutafuta wanawake wa heshima wakiwa kazini, anayesuka, anayechota maji, anayekata samaki, anayetwanga, na ghafla hapa Kanda kila mwanamke aliyekwenda kisimani alichana nywele kwanza. Mwezi wa kumi wa mwaka 1843 alifika mtaani kwetu mchoraji ambaye jina lake silitaji kwa kuwa wajukuu zake wamo humu, akamwona Mama, msichana wa miaka ishirini, mikono ya kimono ameifunga juu kwa kamba, ncha moja ya kamba ameiuma kwa meno, leso kichwani, kitambaa cha buluu chenye mawimbi kinadondosha maji ubaoni, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa na kuanza kuchora. Bibi Orui akapiga kelele kutoka ndani, "Zichore na ndoo zangu, nazo zinafanya kazi!" Kweli akazichora.

Siku ya pili ya mwaka mpya picha ikatundikwa dukani, na mtaa mzima ukatoka kama unakwenda kuangalia moto. Nasikia walisukumana mpaka viatu vya watu vikabaki matopeni, "Ni yeye! Tazama shavu! Tazama ndoo za Orui!", mzee Genpachi akajinunulia nakala yake huku machozi yanamtoka, Mama amesimama nyuma kajifunika uso kwa mkono wa nguo, anaona haya, anachungulia, anaona haya tena. Ndipo akasogea Bibi Oshige, mama wa kijana Kiyozo, mrithi wa kiwanda cha rangi, ambaye Mama alikuwa ameshaposwa naye na zawadi za uchumba zimeshapokelewa, akaitazama picha kwa karibu, akasema kwa sauti ambayo hakuipunguza hata kidogo, "Mbona huyu amevalishwa kimaiti?"

Wote wakaona. Kulia juu ya kushoto. Edo nzima ilikuwa imemtazama Mama usoni na mikononi, mchonga mbao akachonga, mchapaji akachapa, mkaguzi wa serikali akagonga muhuri, na hakuna aliyetazama ukosi isipokuwa mama mkwe. Kosa lilikuwa la mnakili wa mchoraji, aliyepewa mchoro ule wa karatasi nyembamba aunakili vizuri kwa ajili ya mchonga mbao, na kwa kuwa karatasi ile inaonyesha pande zote mbili, akaiweka kifudifudi, akafuata mistari kwa nyuma, mwanamke mzima akageuka, upande wa kulia ukawa wa kushoto, na maandishi yalipoongezwa baadaye juu ya picha yakakaa sawasawa, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka.

Ndugu zangu, leo mnacheka, lakini siku zile halikuwa jambo la kucheka, kwani mwanamke hai aliyechorwa kimaiti na kuuzwa mpaka Osaka ni mwanamke aliyeitiwa kifo kwa jina. Kabla wiki haijaisha Bibi Oshige alirudisha maneno, kwamba yeye hamwozeshi mwanawe kaburi, na kwamba binti yule hafiki sikukuu ya wafu ya majira ya joto. Wateja nao wakaanza kupitisha nguo zao mtaa wa pili, kwa kuwa nani anataka kimono cha harusi kifuliwe na mikono ya marehemu, mbao za Bibi Orui zikabaki tupu juani, na watoto wakawa wanapita mbio wakiimba, "Maiti anafua, maiti anaanika!" Mama alituambia kwamba usiku na mchana aliushika ukosi wake kwa mkono, akihakikisha.

Alilia, halafu kulia kukamchosha, akafunga mikono ya nguo kwa kamba, akaenda mpaka dukani, akasimama katikati ya wanunuzi akasema, "Nimekuja kumwona aliyeniua." Kwa nyuma akatoka kijana mwembamba, wino umemkauka kidevuni, jina lake Risuke, huyo ndiye baba yetu.

"Dada, ni mimi," akasema, amepiga magoti. "Nilikuwa na usingizi, nikaigeuza karatasi. Sikukusudia."

"Ungekusudia ningekuelewa!" Mama akamwambia. "Adui ana sababu zake. Wewe umeniua kwa kupiga miayo!"

Akajitolea kununua nakala zote azichome, Mama akamuuliza kama atazifuata na za Osaka. Ndipo Mama akatoa hukumu yake, "Kesho asubuhi uje mtaani kwetu, uwaambie watu kwamba niko hai."

"Watu wote?"

"Kwani uliniua mbele ya wangapi?"

Akaja, wajameni! Mtu mpole kuliko maji ya birika, asiyeweza hata kumfukuza kuku, akasimama mbele ya mbao za Bibi Orui akainama kwa kila apitaye akisema kwa kisauti kama cha mbu, "Otose yu hai, tafadhali, leteni nguo." Mama akamfokea kutoka kisimani kwamba kwa sauti hiyo watadhani na yeye ni maiti, paaza! Basi akafumba macho akapiga ukelele uliosikika mpaka darajani, "Otose yu hai, jamani! Nimemwona kwa macho yangu! Amenitukana sasa hivi!" Mtaa ukapasuka kwa vicheko, na mke wa muuza mboga, Mungu amrehemu yule mama, akaja na furushi lake akasema, "Maiti anayetukana hivi atafua vizuri tu." Lilikuwa furushi la kwanza tangu mwaka mpya, na Mama alilipokea kwa mikono miwili, akaingia nalo ndani asionekane uso.

Baba aliendelea kuja kila asubuhi kabla ya kazi yake, akawa anapiga ukelele, akimaliza anachota maji, akimaliza anabeba mbao, mpaka watu wakaanza kuja kutoka Asakusa na Fukagawa kuona maiti anayefua, wanacheka, wanaacha nguo. Sikukuu ya wafu ikafika, taa zikawashwa kuwapokea waliotangulia, na Mama akaenda kucheza ngoma ya sikukuu mbele ya kiwanda cha Bibi Oshige, akazunguka hapo mara nyingi kuliko mtu yeyote, hai, ametoa jasho, ukosi kushoto juu ya kulia. Laiti ningekuwepo!

Tarehe kumi na mbili ya mwezi wa kumi, mwaka 1845, marehemu alifunga ndoa na Bwana Risuke, nyumbani kwa mzee Genpachi, mbele ya majirani wote, akiwemo Bibi Oshige, ambaye hakula samaki wala hakunywa, alikodoa macho kwenye kifua cha bibi harusi, mpaka Mama akamwambia, "Sogea, mama, ushike kabisa." Usiku ule mtu mmoja akamtania Baba kwamba ameoa kosa lake mwenyewe, na Mama akajibu kwa niaba yake maneno ambayo mtaa huu umeyarudia mpaka leo, "Mume wangu hakukosea, aliwahi tu."

Walijaliwa watoto watatu, Eitaro aliyezaliwa mwaka 1847, mimi Iso mwaka 1850, na Nui mwaka 1854. Nui wetu alikufa kwa kipindupindu tarehe ishirini ya mwezi wa nane, mwaka 1858, mwaka ambao katika mtaa huu hakukuwa na nyumba isiyotoa jeneza, na ni Mama mwenyewe aliyemwosha na kumfunga kimono chake kidogo, kulia juu ya kushoto, hakukubali mkono mwingine umguse. Baba aliitoa ile picha ukutani akataka kuitia motoni, akisema yeye ndiye aliyekiita kifo nyumbani, na kilipomkosa mama kimemchukua mwana. Nilikuwa na miaka tisa, nilisikia nikiwa nyuma ya mbao za kukaushia nguo, Mama akamnyang'anya, akamwambia, "Picha ni yangu, si ya mtoto. Hicho kilichopita hakikumuuliza mtu kavaaje." Aliirudisha ukutani, akaenda kwenye mbao, akapiga kitambaa siku nzima. Ndipo alipoweka nadhiri yake, kwamba kimaiti ameshakifunga kwa Nui, na juu ya mwili wake mwenyewe hakitafungwa kamwe.

Nadhiri hiyo haikuwa ya mdomoni. Mwaka 1872, picha za kamera zilipoingia kwa kishindo, Eitaro alimpeleka Mama kwa mpiga picha wa Asakusa, kijana mwenye kofia ya kizungu, ambaye alimweleza Mama kwa upole kwamba kioo chake hutoa kila kitu kinyume, kwa hiyo tafadhali mama afunge ukosi wake kulia juu ya kushoto ili itoke sawa. Mama alisimama. "Mara ya kwanza niliuawa bila kuulizwa," alisema, "sasa mnanitaka nijifunge mwenyewe na nilipie?" Akaondoka na geta zake, viatu vya mbao, zikilia mpaka barabarani, Eitaro anamkimbilia nyuma kwa aibu. Ndiyo maana leo hapa mbele hakuna picha ya kamera kama ilivyo desturi ya siku hizi, ipo ile ya mbao, buluu imefifia kidogo, ndoo za Bibi Orui zipo, msichana kauma kamba kwa meno.

Baba yetu alitutoka tarehe tano Novemba 1889, kwa ugonjwa wa tumbo, akafungwa kama desturi, na Mama hakupinga, alisema Baba hakuwahi kutangazwa maiti akiwa hai, hana deni la kudai. Ila siku hiyohiyo ndipo alipotuapisha sisi wawili juu ya ukosi wake yeye, na tukaapa, na kila mwaka mpya alituuliza kama bado tunakumbuka.

Aliendelea kufua mpaka mwaka jana. Tarehe kumi na tisa Januari mwaka huu, 1903, alitoka kwenye upepo kumwonyesha mkwe wangu jinsi ya kubandika hariri, akarudi anatetemeka, kifua kikambana, akalazwa nyumbani chini ya uangalizi wa Daktari Hagiwara, ambaye alikuja kila siku na kila siku alitukanwa kwa jinsi koti lake lilivyopigwa pasi vibaya. Tukawa tunabishana sisi, Mheshimiwa Kasisi anakuja na kuondoka, shangazi zangu wanalia kwamba roho isiyovalishwa inavyostahili hupotea njia, Eitaro anasema kiapo ni kiapo, na mimi, ndugu zangu, nilikuwa nimeshajiandaa kupigana na hekalu zima, niliapa na nilikuwa tayari!

Asubuhi ya tarehe tisa Februari, jua limeingia mpaka kwenye mkeka, Mama aliomba picha ile aletewe. Akaishika, akaitazama sana, akacheka mpaka kikohozi kikamkamata. Akasema, "Iso, mtanifunga kama huyu."

Nilidhani nimekosea kusikia. Nikamwambia, "Mama, si tuliapa? Kushoto juu, mpaka motoni."

"Kiapo niliwapa mimi, nakitwaa mimi. Nimeishi, au sikuishi? Oshige aliona, wote waliona. Basi, nimemaliza kubishana." Akavuta pumzi. "Na wewe fikiri kidogo, mwanangu. Baba yenu mkono wake ulinipitia mara moja tu kwenye karatasi, na ulinipitia hivi. Nikitokea kule nimevaa kinyume na alivyonichora, si atanipita akidhani ni mgeni?"

Akafa kabla ya adhuhuri, akiwa na umri wa miaka themanini kwa hesabu yetu, picha i kifuani.

Kwa hiyo jibu ndilo hilo. Mheshimiwa Kasisi ameshinda, ila asitembee kwa kujidai, kwa kuwa hakushinda yeye, ameshinda Baba. Jana nilimfunga mwenyewe, kulia juu ya kushoto, Eitaro akaisogeza picha karibu na jeneza, tukaangalia huku, tukaangalia huku, na kwa mara ya kwanza tangu ichapwe, vilifanana.

Familia inamshukuru Daktari Hagiwara kwa uvumilivu wake na kwa koti lake, inawashukuru majirani wa mtaa wa Konya waliopika, waliokesha na walioleta mkaa bila kuombwa, inawashukuru wafuaji wenzake waliomwosha jana kwa maji ya moto kwa sababu walisema ya baridi amekwisha kuyashika vya kutosha, inawashukuru wajukuu wa Bibi Oshige walioleta kitambaa cha buluu chenye mawimbi kilichomfunika, mmetutoa machozi, na inamshukuru Mheshimiwa Kasisi, ambaye pamoja na ubishi wake wote alilia jana kuliko shangazi zangu.

Mama, kamba ya mikono tumekufungulia, mbao tumeziingiza ndani, hakuna nguo iliyobaki nje. Pumzika kwa amani, na ukimwona Baba, mwambie picha yake imetoka sawa.